Mkono wa Kinyozi Taratibu

Mtaa mzima ulimwita Taratibu, na jina hilo hakupewa kwa kusifiwa. Alikuwa kinyozi, na ukikaa kwenye kiti chake uwe umeaga kwenu. Vinyozi wenzake walimaliza vichwa vitatu huku yeye bado akizunguka sikio moja: anarudi nyuma, anafinya jicho, anasogea, anarudi tena. Wateja walilalamika, wakaapa kuhamia kwingine, na mwezi uliofuata walikuwa kwenye benchi lile lile wakilalamika upya. Mstari wa nywele uliochorwa na wembe wa Taratibu ulinyooka, na mtu mwenye mstari ulionyooka hupata hata ujasiri wa kwenda kuposa.

Chumba chake cha kazi kilikuwa na kiti kimoja cha kuzunguka kilichopasuka mkono na kuzungushiwa utepe mweusi, kioo kikubwa, rafu ya mashine na brashi, chupa ya spiriti, na droo iliyokuwa ikikwama kila ikivutwa. Juu ya kioo aliweka taa za rangi ya njano. Alizichagua mwenyewe. Taa nyeupe, alisema, humwonyesha mtu madoa yake yote na kumharibia siku, lakini chini ya taa ya njano hata mgonjwa huonekana ametoka harusini. Taa hizo zitakuja kutuletea balaa, lakini tusikimbie.

Zamani Taratibu alikuwa anapiga maji, na si maji ya kisima. Alianza kunywa jioni, ikawa mchana, mwishowe akawa anafungua duka mkono ukimtetemeka mpaka apate funda la kwanza. Siku moja wembe uliteleza ukamkata mteja sikio. Haukuwa mkwaruzo wa kufuta kwa pamba. Lilikuwa jeraha la kushonwa, na mteja mwenyewe, kwa bahati mbaya iliyoje, alikuwa shemeji yake, mdogo wa mkewe, dereva wa lori mwenye sauti ya kusikika mtaa wa pili. Kovu lile shemeji amelibeba mpaka leo, na mpaka leo akinyolewa hukaa amelifunika sikio kwa kiganja.

Jioni ile Taratibu alipiga magoti mbele ya mkewe na kuanza kula viapo vya kila aina. Mkewe alikuwa mshonaji wa mapazia. Hakuinua hata macho kutoka kwenye cherehani.

"Usiniapie," alimwambia. "Mdomo wako umeshaniapia mpaka umechoka. Mimi nitautazama mkono."

Jumapili iliyofuata, baada ya chakula cha mchana, mama huyo alitoa kigoda uani, akavua kitambaa, akainamisha kichwa. Nywele zake alikuwa akizivaa fupi siku zote, hakuwa na muda wa kusukana. "Nichonge kisogo," alisema. "Kwa wembe, si kwa mashine."

Ikawa ndiyo desturi ya nyumba ile. Hakuna aliyetamka kwamba ni mtihani, wala hakukuwa na haja. Kinyozi hunuka spiriti kutwa, kwa hiyo pua ya mke haikuweza kumshtaki wala kumtetea. Kilichobaki ni wembe juu ya shingo. Miaka ikapita, watoto wakakua, binti akaolewa, na shingo ile haikupata hata mkwaruzo. Kila alipomaliza, mkewe alipitisha kiganja kisogoni na kusema, "Asante, inatosha." Taratibu aliyapenda maneno hayo kuliko sifa zote za wateja. Alikuwa hajagusa tone, mkewe alijua kwamba hajagusa, na juu ya hilo nyumba yao ilisimama.

Maumivu yalianza kidogokidogo, chini ya mbavu za upande wa kulia. Yalimshika hasa akila vitu vya kukaanga, yakapanda mpaka begani, yakamkaa saa nzima kisha yakaondoka kana kwamba hayajawahi kuja. Alijikaza kisabuni. Yalipozidi alikwenda kwa muuza dawa, naye bila kuinuka kwenye stuli yake akatamka, "Vidonda vya tumbo," akampa chupa ya dawa nyeupe nzito kama chokaa. Nani asiye na vidonda vya tumbo siku hizi? Taratibu aliipokea, akaenda kuificha kwenye ile droo inayokwama.

Alificha kwa sababu kinyozi hana ruhusa ya kuugua. Mwashi akiumwa tumbo watu humpa pole, lakini kinyozi akiumwa watu huanza kujiuliza alichonacho ni kitu gani, na wembe wake umepita wapi. Kiti hukauka kwa wiki moja. Basi kila maumivu yalipomjia aliwageuzia wateja mgongo, akavuta droo, akapiga funda moja la haraka, akafuta mdomo na kurudi kazini. Mkewe naye hakumwambia. Angemwambia mkewe, mkewe angemwambia mdogo wake, na shemeji yule angekuwa ameutangazia mji mzima kabla ya chakula cha jioni.

Baadaye choo chake kikawa cheusi kama lami na chenye kunata. Alidhani ni ile dawa. Dawa yenyewe ilikuwa nyeupe, lakini mtu akitaka kujidanganya haulizi rangi. Akaanza pia kuchoka ovyo. Ngazi fupi za kuingilia dukani zilimtoa jasho, na kucha zake zilipauka. Nayo macho yalikuwa yakibadilika polepole, ila yeye hakuyaona. Ni kweli alisimama mbele ya kioo kutwa nzima, lakini kinyozi hujitazama saa ngapi? Anatazama kichwa cha mwenzake. Na chini ya zile taa, watu wote walikuwa wa njano.

Alhamisi moja umeme ulikatika asubuhi. Taratibu alitoa kiti barazani, akachukua mashine ya betri na kioo cha mkononi. Mteja wa kwanza alikuwa shemeji. Alikaa, akafunika sikio lake kama kawaida, akashika kioo kwa mkono wa pili ili amsimamie huyu bwana kila hatua. Jua lilikuwa limewaka. Ndani ya kioo shemeji aliona nywele zake, na nyuma yake akauona uso wa Taratibu kwa mwanga wa mchana.

"We shemeji, macho yako yamekuwaje? Mbona ya manjano hivyo?"

"Vumbi," alijibu Taratibu.

"Vumbi gani la rangi hiyo?"

Maumivu yalimpiga wakati huo huo. Aliomba radhi, akaingia ndani, akavuta droo. Shemeji alikielekeza kioo mlangoni, akaona mgongo, akaona kiwiko kikinyanyuka na kichwa kikirudi nyuma. Kiwiko kile alikuwa amekiona kikinyanyuka hivyo hivyo miaka ile ya ulevi. Alinyolewa, akashukuru, akaenda moja kwa moja kwa dada yake.

"Dada, mtu wako amerudi kwenye maji."

"Umemwona akinywa?"

"Nimekiona kiwiko. Na macho yake, dada! Yale si macho, yale ni ini limeshaoza."

Mama wa mapazia aliendelea kukanyaga cherehani. Kitambaa kilikwenda upande, akakifumua, akaanza tena. "Jumapili haiko mbali," alisema.

Jumapili Taratibu aliamka miguu mizito. Chakula kilimshinda. Kigoda kilipotoka uani alitamani kusema leo tupumzike, lakini alijua kusema hivyo ni sawa na kujihukumu mwenyewe. Akapaka povu, akafungua wembe, akavuta pumzi. Mkono ulikuwa ukitetemeka. Aliukaza kwa mkono wa pili, akaanza, na pale chini ya sikio la kushoto wembe ukaruka.

Mkewe alipeleka vidole kwenye shingo, akavitazama. Damu ilikuwa kidogo tu. Alichukua taulo mikononi mwa mumewe, akalikandamiza pale palipokatika, akasimama.

"Asante, inatosha," alisema.

"Mke wangu, sijanywa."

"Sijakuuliza."

Akaingia ndani na kufunga mlango polepole. Afadhali angeubamiza. Taratibu alibaki na wembe mkononi, povu likikauka juu ya brashi, akalia. Alilia kwa uchungu, na ndani ya uchungu huo kulikuwa na hasira pia. Miaka yote ile ya kushinda kiu, ikafutwa na mkwaruzo mmoja!

Kesho yake asubuhi mkewe alisikia beseni likianguka bafuni. Alimkuta Taratibu amepiga magoti, na sakafuni kulikuwa na damu, nyingine nyekundu, nyingine mabonge meusi. Alipiga ukunga mmoja tu, kisha akili zikamrudi, akamwita mdogo wake. Walimpeleka hospitali kwenye lori, Taratibu katikati akiwa amelegea, mkewe ameshika beseni, shemeji akipiga honi kila mita kana kwamba amebeba bibi harusi.

Daktari kijana aliyewapokea alitazama macho ya manjano, akaisikia habari ya damu, na usoni mwake ukaona kwamba ameshapata jibu lake.

"Anakunywa pombe?"

"Hapana," alisema Taratibu.

"Ndiyo," alisema shemeji, papo hapo.

Daktari akamgeukia mke. Mama alikunja ncha ya khanga yake, akaikunjua. "Aliacha zamani," alisema. Kisha akaongeza kwa sauti ndogo, "Nilidhani aliacha."

Taratibu aliyasikia maneno hayo akiwa amelazwa, dripu mkononi, na yalimuuma kuliko tumbo. Angeweza kufa siku ile, mwenyewe alijua. Lakini kilichomtia hofu ni kufa akiwa mlevi machoni pa mkewe.

Walimpitishia mpira wenye kamera kinywani hadi tumboni. Aliyefanya kazi hiyo alikuwa daktari mkubwa wa upasuaji, mzee mwenye kipara kilichong'aa, kichwa kisicho na faida yoyote kwa kinyozi. Alitafuta mishipa iliyovimba, ile ya wanywaji, hakuiona. Alitafuta vidonda, hakuona hata kimoja. Damu yenyewe ilikuwa imeshakoma. Picha ya tumbo iliyopigwa baadaye ilionyesha ini zuri, laini, lakini kifuko cha nyongo, kile kidogo kinachojificha chini ya ini, kilikuwa kimejaa mawe na ukuta wake umevimba.

"Mawe yataleta maumivu na hata manjano," daktari kijana alisema. "Lakini kutapika damu? Mawe?"

"Nadra," alijibu mzee. "Sikusema haiwezekani. Tumweke hapa tumwangalie."

Wakamweka. Mkewe alikuja kila siku na uji kwenye chupa ya chai, akamlisha, akamfuta uso, akambadilishia shuka. Alimhudumia bila dosari, kama muuguzi anayemhudumia mtu asiyemjua, na hilo ndilo lililomtisha Taratibu. Hawakugombana. Kwenye shingo ya mama kulikuwa na plasta ndogo, na kila alipoinama kumlisha, mgonjwa alikuwa anaitazama hiyo.

Siku moja, saa ya kutazama wagonjwa, shemeji akiwa anasimulia habari ndefu ya tairi lililopasuka na kuitia chumvi ya kutosha, Taratibu aliushika ubavu wa kulia, akajikunja, akatapika damu tena. Sasa hawakusubiri. Mzee mwenye kipara alimkimbiza kwenye kamera damu ikiwa bado inatoka, na safari hii hakuishia tumboni. Aliusukuma mpira mpaka kwenye utumbo mdogo, hadi kwenye kitundu ambamo nyongo humwagikia. Badala ya nyongo, kitundu kilikuwa kinadondosha damu.

Alitoka nje akawakuta mke na shemeji kwenye benchi la korido. Alikaa katikati yao.

"Tumeipata. Jiwe moja limekaa likisugua ukuta wa kifuko cha nyongo mpaka mshipa wa damu uliopo hapo ukadhoofika, ukavimba, ukapasukia ndani ya kifuko. Damu ikafuata njia ya nyongo, ikaingia kwenye utumbo. Ikitoka kwa wingi inapanda, anatapika. Ikitoka kidogokidogo inashuka, choo kinakuwa cheusi. Mabonge yake yakiziba njia, nyongo inarudi mwilini na macho yanakuwa ya manjano. Nimefanya kazi hii mpaka nywele zimeniishia, na ugonjwa wa namna hii nimewahi kuuona mara moja tu. Tunampasua leo. Ataongezewa damu, kwa hiyo anayeweza kutoa asiondoke."

"Na ini, daktari?" shemeji aliuliza. "Ini la pombe?"

"Ini gani la pombe? Ini la huyu bwana ni zima. Natamani langu liwe hivyo."

Shemeji alilipapasa sikio lake, akatazama chini. Lakini mama alikuwa na swali lake, na daktari aliliona dogo kuliko yote aliyowahi kuulizwa siku ile.

"Na mkono? Kutetemeka mkono kunatokana na nini?"

"Mkono? Mama, mume wako amevuja damu kwa wiki nyingi bila mtu kujua. Alikuwa amebaki na damu kiduchu tu. Mtu wa namna hiyo anatetemeka mwili mzima. Ajabu ni kwamba alikuwa anasimama."

Mama aliinuka, akatembea hadi mwisho wa korido, akakaa kwenye sakafu, akalia kwa sauti mpaka muuguzi akaja kumuuliza kama amefiwa. Alikuwa ameukumbuka uso wa mumewe na wembe uliosimama hewani. Alikuwa ameshikwa na aibu, na chini ya aibu hiyo hofu kwamba hatapata nafasi ya kuisema.

Walipomtoa Taratibu akiwa juu ya kitanda cha magurudumu, mkewe alikimbia akashika chuma cha pembeni. Alikuwa na mengi ya kusema. Wasukumaji walikuwa na haraka, mlango ulikuwa karibu.

"Sijanywa," Taratibu alisema.

"Urudi," mkewe alimwambia. "Nasema urudi, umenisikia?"

Mlango ukajifunga. Shemeji alikuwa ameshakunja shati na kunyoosha mkono kutolewa damu. Alifumba macho kwa sababu jitu lile lote linaogopa sindano, na alimwambia muuguzi achukue nyingi, mwili upo.

Upasuaji ulichukua mchana mzima. Waliufunga mshipa, wakakiondoa kifuko pamoja na mawe yake, na daktari mzee akayaleta mawe ndani ya kichupa wakayaone. Yalikuwa ya kahawia, madogo, ya kuonea huruma. Mgonjwa alipoweza kucheka bila kushika mshono, shemeji, aliyekwisha kusimuliwa habari ya ile dawa nyeupe, alikitikisa kichupa karibu na sikio lake zima na kusema, "Kumbe haya ndiyo uliyokuwa unayapigia funda kwenye droo!" Kisha, kwa sauti ambayo hakuna aliyejua kwamba anayo, akasema, "Nisamehe, shemeji. Nilikuponza." Taratibu alimwambia kwamba kwa sikio lile, sasa hawadaiani.

Akarudi nyumbani amekonda, nguo zikimning'inia. Duka lilifunguliwa na kinyozi jirani siku moja moja, na kitu cha kwanza Taratibu alichoagiza ni taa nyeupe. Wateja walikuja kumpa pole, wakatazama macho yake kwa makini, wakaridhika. Mkewe alimpikia vya kuchemsha, akamhesabia vidonge, na jambo lile wote wawili walilizunguka bila kuligusa. Jumapili ya kwanza ikapita, kigoda hakikutoka. Ya pili hivyo hivyo. Nywele za kisogoni kwa mama ziliota ovyo, naye alizifunika kwa kitambaa.

Jumapili iliyofuata, vyombo vilipokwisha kuoshwa, Taratibu alisikia kigoda kikiburuzwa uani. Alipotoka alimkuta mkewe ameshakaa, kitambaa kiko mapajani, kichwa kimeinama. Kando yake palikuwa na bakuli la maji, brashi na wembe.

"Mke wangu, tungoje," alisema. "Mkono bado unatetemeka."

"Naona."

"Nitakukata."

"Sikia," mkewe alisema, akitazama chini. "Miaka yote hii nilikuwa nakupima kwa shingo hii."

"Nilijua."

"Ulijua na ukaninyoa. Mimi nikakuona unakufa, nikakufungia mlango. Siwezi kukuomba msamaha ukatosha, basi nimekuja kukaa. Leo sikupimi. Nataka kunyolewa tu, nimekuwa kama kichaka."

Taratibu alisimama pale mpaka macho yalipomkauka. Akapaka povu, akafungua wembe, akaegemeza kiwiko kwenye bega la mkewe ili mkono upate pa kutulia. Alinyoa polepole kuliko siku zote. Alipofika chini ya sikio la kushoto, karibu na lile kovu dogo, wembe uliruka tena, na tone la damu likatoka. Akaganda.

Mkewe alichukua taulo mwenyewe, akapakandamiza, akalirudisha mapajani. Kisha akainamisha kichwa zaidi.

"Endelea," alisema. "Bado upande wa pili."